Ua mnene wa kuficha bustani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiswahili kimelitwika neno "ua" mizigo miwili: kuna ua lenye petali, wingi wake maua, na kuna ua unaozunguka makazi, wingi wake nyua. Maswali haya yanahusu huo wa pili, ule unaooteshwa kwa mimea hai ili aliye nje asione ndani. Nimeyapanga kwa uzito wake, si kwa mpangilio wa kazi, ndiyo maana swali la mkasi limetangulia hata la kuchagua mmea.

Miche yangu imefika magotini. Nisubiri ifikie urefu ninaoutaka ndipo nianze kukata?

Usisubiri, kata sasa. Najua inauma: umemwagilia miezi yote hiyo, mche ndiyo kwanza umeanza kuonekana, halafu mtu anakwambia uukate kichwa. Lakini ua mnene hujengwa kuanzia chini, na huko chini hujengwa kwa mkasi.

Chanzo ni ile ncha. Jicho lililo juu kabisa ya shina hutengeneza homoni iitwayo auksini, nayo huteremka ndani ya shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ndivyo mmea unavyopeleka nguvu zake juu, kwenye mwanga. Ukiiondoa ncha, kizuizi kinaondoka nayo, na macho mawili matatu yaliyo chini ya mkato yanaamka. Shina moja limekuwa matatu. Yakirefuka ukayakata tena, yanakuwa sita, pengine tisa. Unene wote wa ua unatokana na hesabu hiyo, na hesabu inaanzia pale ulipokata mara ya kwanza. Ukikata kwa mara ya kwanza mmea ukiwa na mita mbili, matawi yataanzia kwenye mita mbili.

Ua wangu wa kwanza niliuacha miaka miwili bila kuugusa. Ulinipita kimo, nami nikawa naupita kila asubuhi nikijisifu. Siku moja nilichuchumaa kung'oa magugu, nikaona viatu vya mpita njia, kisha soksi, kisha magoti. Juu majani yamesongamana, chini ni fito tupu. Nilikuwa nimeotesha safu ya fagio zilizosimikwa kwa mpini. Niliukata wote hadi katikati ya muundi nikaanza upya, miaka miwili imekwenda bure. Wahenga walishasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilisubiri mpaka akakauka.

Kwa mimea ya majani mapana, basi, kata theluthi moja hadi nusu ya kimo siku ile ile ya kupanda, au wiki chache baadaye mche ukishashika. Walio na ruhusa ya kusubiri ni saipresi, thuja na jamaa zao wa majani ya sindano au magamba. Hao ncha ya juu huachwa mpaka ikaribie kimo unachotaka, ila ubavuni wanapunguzwa kidogo kidogo tangu wakiwa wadogo.

Kukata huku kote si kutanichelewesha kupata kimo?

Kutakuchelewesha, ndiyo, ila si sana. Kawaida yangu ni hii: machipukizi mapya yakifika shubiri moja, naondoa nusu. Kila mzunguko ua unapanda sentimita 10 hivi badala ya 20. Mmea wa haraka uliotunzwa vizuri unafika mita 1.8 katika miaka mitatu hivi. Wa taratibu hutaka mitano au zaidi. Aliyeiacha miche ipande yenyewe atakutangulia kwa mwaka mmoja, lakini atakachokuwa nacho ni nguzo, na nguzo hazifichi mtu.

Kama huwezi kuvumilia kuonekana kwa muda huo, simamisha vigingi ufunge mkeka wa matete au neti ya kivuli. Uache nafasi ya mita moja hivi kati ya neti na miche. Ukiibandika neti ubavuni mwa miche, upande huo utakosa mwanga na utabaki na upara.

Nipande mmea gani?

Watu hutaka jina moja, nami sina, kwa sababu mmea unaoshamiri kwenye joto na unyevu hufa kwenye baridi kali. Ninachoweza kukupa ni namna ya kuukagua ukiwa mbele yako kitaluni. Shika tawi ulisogeze karibu na macho. Tazama umbali kati ya kifundo kimoja cha jani na kinachofuata. Ukiwa ni upana wa vidole viwili au pungufu, mmea huo utajaza. Ukiwa ni upana wa kiganja kizima, utakuwa na matundu hata ukiukata kila wiki. Kisha tazama ukubwa wa jani. Jani dogo likikatwa halionekani. Jani kubwa likikatwa katikati huacha ukingo wa kahawia, na ua mzima ukaonekana kama umebabuka kwa moto. Mwisho muulize mwenye kitalu: nikikata hadi kwenye tawi kuukuu lisilo na jani hata moja, litachipua? Jibu la hapo ndilo litakaloamua kama makosa yako ya baadaye yatasameheka.

Kwenye joto, Duranta erecta hukua haraka, huvumilia mkasi na huchipua hata kwenye tawi kuukuu, ila matunda yake ya rangi ya chungwa ni sumu kwa mtoto atakayeyatia kinywani. Murraya paniculata huenda taratibu zaidi, lakini majani yake madogo ya kung'aa hushikana vizuri na maua yake meupe hunukia jioni. Usiipande karibu na michungwa au milimau: ni makazi anayoyapenda mdudu anayesambaza ugonjwa wa kijani wa michungwa. Haibiskasi hujaza pia, ila ukiikata mara kwa mara usitarajie maua, kwa kuwa hutoka kwenye machipukizi mapya ambayo ndiyo hayo unayoyakata.

Kama unataka na ulinzi, Dovyalis caffra, ile ambayo wengi huiita kayaba, ina miiba mirefu kama kidole na haipitiki na mbuzi wala mtu. Ila kumbuka kwamba mwenye kuikata ni wewe, na miiba haichagui. Bogenvilia nayo ina miiba na rangi zake, lakini kwa asili ni mtambazi. Miaka ya mwanzo itataka waya wa kuiegemeza na jua la kutwa nzima.

Kwenye baridi watu hutegemea ligustramu, taksusi na saipresi. Taksusi ni taratibu mno, lakini huchipua hata ukiikata hadi kwenye shina kuu, jambo ambalo wenzake wengi wa jamii ya misonobari hawaliwezi. Isipandwe kwenye ua wa malisho, kwani majani yake huua ng'ombe na farasi. Saipresi chotara ya Leyland, iliyozaliwa bustanini huko Wales mwaka 1888, hukimbia karibu mita moja kwa mwaka, na ndiyo maana wauzaji huisifu. Wasichosema ni kwamba haina mahali pa kusimama: ukiisahau miaka michache una msitu wa zaidi ya mita 10, na ukiikata hadi ndani kwenye sehemu ya kahawia, haichipui tena.

Na kuna mimea ambayo mimi nisingeipanda karibu na watoto au mifugo hata ningepewa bure. Olianda ni sumu kuanzia jani hadi ua lake, na moshi wa matawi yake yakichomwa ni hatari pia. Mnyaa hustahimili ukame kuliko karibu mimea yote niliyoitaja, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa, au zaidi ya hapo asipotibiwa. Lantana huota kirahisi, kisha hutorokea mashambani na kuwa gugu.

Na mianzi je?

Inaficha, na inaficha haraka. Chagua ile inayoota kwa vichaka, siyo ile ambayo mizizi yake hutembea chini kwa chini na kuchomoza kwa jirani. Hakuna mbegu ya ugomvi kama hiyo. Pia mwanzi ukikomaa huvua majani ya chini, kwa hiyo unaficha kuanzia kiunoni kwenda juu kuliko miguuni. Ukiukata kichwa mwanzi haurefuki tena pale. Hutoa majani ya pembeni, na mirefu huja kutoka ardhini.

Nichanganye aina mbili tatu au nipande moja?

Aina moja hupendeza zaidi na hukatwa kirahisi. Kuchanganya ni bima: ugonjwa au mdudu akija hamalizi safu nzima. Walio na nyua za baksasi wanalijua hili, kwa sababu kiwavi wa nondo mmoja wa baksasi aliyetoka Asia ya Mashariki ameangamiza safu nzima nzima Ulaya tangu aonekane huko mwaka 2007. Ukichanganya, chagua mimea inayokwenda kwa mwendo mmoja, la sivyo yule mwepesi atamfunika mzito kabla hujajua.

Ninunue miche mikubwa ili nisisubiri?

Midogo. Mche wa kufika gotini, wenye matawi chini, kwa kawaida huushika ardhi upesi na baada ya miaka mitatu minne huwa umelingana na ule wa kufika kifuani ulionunuliwa kwa bei mara kadhaa. Mkubwa hutumia msimu wake wa kwanza kutengeneza mizizi ya kulisha mwili alio nao tayari.

Kabla ya kulipa, utoe mche mmoja kwenye mfuko uitazame mizizi. Niliwahi kupokea miche thelathini iliyonawiri kweli kweli. Nilipochana mifuko nikakuta mizizi imejizungusha ndani kama kamba iliyokunjwa, ya mwaka mzima au zaidi. Nilikuwa na haraka, nikaipanda hivyo hivyo. Mwaka wa pili upepo ulilaza minne, na nilipoivuta ilitoka na umbo la mfuko vile vile, haikuwa imeingia ardhini hata kidole kimoja. Ukishaikuta mizizi ya namna hiyo, ichane kwa kisu mahali patatu au panne kuanzia juu hadi chini, uifungue kwa vidole, ndipo upande. Ikiwa imekuwa migumu kama fimbo, rudisha.

Kwa mimea inayokubali kuoteshwa kwa matawi, kama duranta, haibiskasi na bogenvilia, huna haja ya kununua yote. Kata vipande vya unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, ondoa majani ya chini, chomeka theluthi mbili kwenye mchanga wenye unyevu mahali penye kivuli. Vingine vitaoza, kwa hiyo chomeka mara mbili ya idadi unayohitaji.

Niache nafasi gani kati ya mche na mche?

Kwa vichaka vya majani madogo, sentimita 30 hadi 45. Kwa vile vinavyotanuka, 50 hadi 75. Saipresi na wenzake, 75 hadi mita moja. Safu ya mita 20 kwa nafasi ya nusu mita ni miche 41, na ongeza mitano ya akiba uioteshe pembeni. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Kishawishi cha kubananisha ni kikubwa, kwa sababu siku ya kwanza miche iliyoachana nusu meta huonekana kama meno ya mtoto. Ukibananisha sana mimea hugombea maji na mwanga, wanyonge hufa, na hufa baada ya miaka mitatu wakati huwezi tena kuingiza mche mpya katikati. Ikiwa una upana wa kutosha na unataka ukuta kweli kweli, panda safu mbili zilizoachana sentimita 40 hivi, miche ya safu ya pili ikiangalia nafasi za safu ya kwanza. Jicho la mpita njia likikosa mche wa mbele linakutana na wa nyuma.

Umbali gani kutoka kwenye mpaka?

Fikiria unene wa ua ukikomaa, ugawe kwa mbili, kisha ongeza nafasi kidogo ya kupitisha mkasi. Ua wa mita moja upandwe angalau sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye mstari. Anayepanda juu ya mstari wenyewe amempa jirani nusu ya ua wake na nusu ya kazi yake, na mara nyingi jirani hakuomba vyote viwili. Mzungumzie kabla ya kuchimba. Angalia pia kanuni za mahali ulipo kuhusu kimo cha ua na umbali kutoka barabarani, na ujue mabomba na nyaya zinapita wapi.

Nichimbe mashimo au mtaro?

Mtaro, kama mgongo unaruhusu. Upana wa sentimita 50, kina cha 40. Shimo moja moja kwenye udongo mgumu hugeuka chungu: mizizi huzunguka humo humo, na maji ya mvua husimama. Kwenye mtaro mizizi husafiri kushoto na kulia. Vuta kamba kati ya vigingi viwili kwanza. Ua uliopinda huonekana umepinda miaka yote, hakuna mkasi unaounyoosha. Changanya udongo uliotoka na mboji au samadi iliyooza kabisa, debe moja hivi kwa kila mita. Samadi mbichi huunguza mizizi, na huleta magugu.

Mche uingie kwa kina kile kile ulichokuwa nacho mfukoni. Ukifukia shina, gome huoza. Shindilia kwa kisigino, mwagilia hata kama kuna dalili ya mvua.

Msimu gani?

Mwanzo wa mvua, ili mawingu yakusaidie kumwagilia. Kwenye nchi za baridi kali, ni majira ya majani kupukutika au mara tu baridi inapolegea. Katikati ya kiangazi inawezekana, ila utakuwa mtumwa wa ndoo.

Nimwagilie mara ngapi?

Wiki sita za mwanzo, mara mbili au tatu kwa wiki, lita 10 hivi kwa kila mita ya safu, zikishuka taratibu. Baadaye punguza mara, ongeza kiasi. Maji kidogo ya kila jioni huishia juu, na mizizi huyafuata huko huko juu, kisha kiangazi cha kwanza kikaikamata. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili: kikitoka na udongo unaogandamana, subiri kesho.

Funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu, majani au maganda, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse mashina. Kwa maoni yangu matandazo yana faida kuliko mbolea yoyote ya mfukoni katika mwaka wa kwanza, kwa sababu yanazuia nyasi, na nyasi ndizo mwizi mkuu wa maji ya mche. Penye mchwa, weka yaliyooza tayari, siyo vijiti vikavu.

Mbolea?

Mboji kila mwanzo wa msimu wa kukua. Ukipenda ya dukani, chagua yenye naitrojeni, kidogo, mara mbili kwa mwaka. Ukizidisha utapata machipukizi marefu laini yenye vifundo vilivyoachana, ambayo vidukari huyashangilia.

Kwa nini mnasema chini kuwe kupana kuliko juu? Mbona nyua nyingi ni wima?

Nyingi ni wima, na nyingi zina upara chini. Jani lisilopata mwanga mmea huliona kama mtu anayekula bila kufanya kazi; hulidondosha. Ua uliotanuka juu hutia kivuli miguu yake yenyewe. Ukiwa na umbo linalopungua kwenda juu, jua hugusa hadi majani ya chini kabisa. Hauhitaji mteremko mkali: kwa ua wa mita 1.8 wenye sentimita 90 chini, juu pawe na 60 hivi. Kwa mtazamaji unaonekana kama umenyooka tu.

Vigingi viwili vilivyoinamishwa kila mwisho, na kamba kati yake, vitakuongoza kuliko jicho. Anza kukata chini ukipanda juu, ili mabaki yadondoke bila kunasa. Na rudi nyuma hatua kumi kila baada ya mita mbili. Ukiwa umeubandikia pua hutaona kama umechimba shimo.

Ua wangu tayari una upara chini. Unaokolewa?

Inategemea mmea, na hapa ndipo lile swali la mwenye kitalu linapolipa. Kwanza jaribu: kata tawi moja la ndani hadi kwenye sehemu isiyo na majani, subiri wiki sita hadi nane wakati wa kukua. Likichipua, ua mzima utachipua.

Usiukate pande zote kwa mkupuo mmoja. Msimu huu kata upande mmoja hadi karibu na shina kuu, pamoja na kupunguza kimo kwa theluthi moja. Upande wa pili uache ulishe mmea. Mwaka unaofuata, wa kwanza ukishavaa majani, geukia wa pili. Mwagilia, weka mboji. Mmea wenye nguvu kama duranta au haibiskasi unaweza kuukata wote hadi sentimita 20 kutoka ardhini mwanzo wa mvua, nao utatoka na mashina mengi kama nywele. Nilifanya hivyo na zile fagio zangu, na ndio ua nilio nao mpaka leo.

Saipresi yenye upara haina dawa hiyo. Panda vichaka vifupi vinavyovumilia kivuli mbele yake, au ing'oe.

Kimo gani kinatosha kunificha?

Kwa mpita njia kwenye ardhi sawa, mita 1.8 inatosha, macho ya watu wazima walio wengi yako chini ya hapo. Taabu ni dirisha la ghorofani, na watu hukimbilia kurefusha ua wakati wangeweza kusogeza kiti.

Chukulia dirisha liko mita 12 kutoka ulipoketi, macho ya aliyeko dirishani yako mita 4.5 juu ya ardhi, na yako ukiwa umeketi ni mita 1.2. Ua ukiwa mita 2 mbele yako, unahitaji kimo cha mita 1.75 tu kukata mstari wa macho yake. Ua huo huo ukiwa mita 6 mbele yako, unahitaji mita 2.85. Tofauti ya zaidi ya mita moja, yaani miaka kadhaa ya kusubiri na ngazi ya kupandia kila unapokata. Wakati mwingine ua mfupi uliopandwa kuzunguka meza hufanya kazi kuliko ua mrefu wa mpakani.

Urefu wenyewe hauna mwisho kwa mwenye nafasi na vifaa: huko Meikleour, Uskoti, kuna ua wa miti ya Fagus uliopandwa mwaka 1745 ambao leo una kimo cha kama mita 30 na urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Kuupogoa ni kazi ya mashine na wiki kadhaa. Wewe ishia pale mkono wako unapofika ukiwa umesimama kwenye kitu imara.

Ua utazuia kelele za barabarani? Na upepo?

Kelele, kidogo sana. Majani hayana uzito wa kuzuia sauti. Unachopata ni kwamba huoni gari, na kelele ya gari usiloliona huenda ikakera kidogo kuliko ya lile unaloliona. Upepo ni habari nyingine. Hapo ua unaushinda ukuta. Ukuta huufanya upepo uruke na kuanguka upande wa pili kwa kishindo, lakini ua huuchuja, na utulivu wake huweza kuhisiwa hadi umbali wa mara kumi ya kimo chake.

Mche mmoja umekufa katikati. Nifanyeje?

Hapa ndipo ile miche mitano ya akiba inapokuja, kwa kuwa itakuwa na umri sawa na wenzake. Kabla ya kuingiza mpya tafuta kilichoua: kwangua gome, chimbua mizizi. Mizizi ya kahawia inayonuka imeozea kwenye maji. Mizizi iliyotafunwa ni mchwa au funza wa mbawakawa. Chimba shimo pana, kata mizizi ya majirani iliyovamia, badilisha udongo, na mmwagilie mgeni peke yake mwaka mzima. Kwa pengo dogo, vuta matawi mawili ya jirani uyafunge yakutane katikati. Yatajaza bila kupanda kitu.

Majani yananata, na mengine yamekuwa meusi kama masizi.

Geuza jani. Utakuta vidukari, wadudu gamba au vidung'ata, wanaonyonya utomvu na kutoa maji matamu. Yale masizi ni ukungu unaoota juu ya huo utamu. Ua mnene mno usiopitisha hewa huwapenda. Punguza matawi machache ya ndani, nyunyiza maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, kisha maji yenye sabuni kidogo ya mche, rudia kila wiki kwa wiki tatu. Na ukiona sisimizi wanapanda mashina, jua wanawalinda wadudu hao kwa ajili ya ule utamu, kwa hiyo anza nao.

Mkasi wa mkono au mashine?

Kwa miaka miwili ya kwanza, mkasi mdogo wa kupogolea, tawi kwa tawi, juu kidogo ya kifundo. Ndicho kipindi unachojenga mifupa ya ua. Baada ya hapo mashine ni sawa kwa majani madogo. Kwa jani kubwa rudi kwenye mkasi. Noa makali: mkato uliochanika hukauka ncha na kualika ukungu.

Nimefunua matawi ili nikate, nikakuta kiota chenye mayai.

Rudisha matawi taratibu uondoke. Kata upande mwingine, ukiacha mita mbili hivi kila upande wa kiota, na usikae hapo. Kwa ndege wadogo wengi, kuanzia yai hadi kinda kuruka ni kama mwezi mmoja. Katika mwezi huo machipukizi ya hapo yataongezeka shubiri moja, na unajua tayari cha kuyafanya.